Makala Ziende, Jina Libaki

Ruweida binti Jecha alikuwa na maneno aliyoyaweka mwisho wa kila makala aliyoiandika. Mie nayajua kwa moyo, maana alitusomea mara nyingi: "Ruhusa kuichukua makala hii na kuichapisha popote. Sharti ni moja, jina la mwandishi na anwani ya tovuti yake vibaki hapa chini." Akifika hapo huinua uso akatutazama, kama mtu aliyefunga mzigo akaivuta kamba kuona imekaza. Alilipenda sharti lake hilo, na ndilo lililomponza.

Siye ni watu wa Shumba Mjini, huku juu kaskazini mwa kisiwa. Wanawake wa kwetu, ukiacha shamba, kazi yao ni ukili. Ukindu hukatwa, ukaanikwa, ukachanwa chane, chane zikasukwa mpaka ukapata utepe mrefu unaouzungusha kama kamba. Huo ndio ukili. Ukishaushona ubavu kwa ubavu unapata mkeka, au kawa la kufunikia chakula, au msala wa kusalia. Ruweida alikuwa jirani yangu, baina yetu ua wa makuti tu. Mumewe, Ame, Mungu amrehemu, alifariki binti yao Samah akiwa darasa la tano, na tangu hapo nyumba ile ilisimama kwa mikono ya Ruweida.

Alitukusanya wanawake kumi na mmoja tukawa tunasuka misala kwake, barazani. Mwanzo tuliuza Konde na Wete. Halafu ikaja mikeka ya plastiki kutoka nje, yenye picha za misikiti na rangi za kung'aa, na yetu ikawa inakwenda sokoni na kurudi. Ndipo kaka yake Fahd, aliyeko Maskati, alipomfungulia tovuti. Picha za misala zikawekwa humo, na jina la kikundi, na namba ya simu. Tukakaa tukingoja. Miezi mitatu hakuna aliyebisha hodi.

Fahd akamwambia kwa simu kuwa tovuti ni kama duka ulilolijenga katikati ya msitu wa Ngezi. Hata liwe zuri vipi, nani atapita huko? Kwa hiyo aandike makala. Asiandike "njooni mnunue", hakuna anayependa kusoma hayo. Aandike jambo la kumfaa mtu, kisha awape bure wenye blogu zinazosomwa. Wao watapata cha kuchapisha, naye atapata jina lake pale chini, na atakayependa alichokisoma atalifuata jina mpaka kwake.

Basi akaanza. Huandika kwanza kwenye daftari la skuli, akatusomea siye tukisuka, tukamsahihisha. Namna ya kuujua mkeka uliosukwa kwa ukindu mbichi. Kwa nini msala haufuliwi kwa sabuni ya unga, unapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu ukaanikwa kivulini. Hilo nilimwambia mie, na akaniandika: "Bi Mize wa Shumba anasema." Nilicheka siku ile mpaka ukili ukanitoka mkononi.

Akishanakili kwenye simu huenda mpaka karibu na skuli, ambako mtandao unashika, akazituma moja moja. Na hapa nieleze vizuri, kwa sababu ndipo penye kosa, kama ni kosa. Kwetu mwezi wa Ramadhani ukipeleka sahani ya futari hairukwi nyumba. Huulizi huyu tumegombana au huyu ni tajiri. Unaanzia mlango wa kulia unamalizia wa kushoto. Ruweida alizipeleka makala zake hivyo hivyo. Kila blogu aliyoipata anwani yake aliitumia, ya mapishi, ya harusi, ya mawaidha, ya habari za siasa za upande huu na ya habari za siasa za upande ule. Hakumruka mtu. Mie nilipoona majina ya zile za siasa yakipita kwenye simu yake niliingiwa na wasiwasi kidogo, lakini sikusema. Ilikuwa miaka ya utulivu ile, watu walikuwa wanasalimiana.

Na milango ikafunguka kweli. Mwanamke wa Mombasa aliandika kuwa amesoma habari ya misala kwenye blogu ya harusi, anataka sita. Tanga wakataka. Maskati wakataka. Tulikuwa tunashona hadi alasiri, na aliyekuwa akitutangulia sote ni Mwatum, mwanamke mwembamba mwenye vidole kama sindano. Ukili wake ukiupitishia mkono hujui chane imeungwa wapi. Mumewe Mwatum alikuwa mtu wa chama kile kingine, na hilo tulilijua sote, na kwa wakati ule lilikuwa kama kujua kwamba mtu hali pweza.

Kisha ukaja uchaguzi, ukafutwa, ukarudiwa, na kisiwa kikaingia kususiana. Aliyekuwapo anajua. Dukani kwa mtu wa upande ule hununui hata kiberiti. Salamu hujibu. Kulikuwa na bwana mmoja wa upande ule, wa mtaa wa pili, alifiwa na mkewe, jeneza likachukuliwa na watu tisa tu. Nilikuwa uani kwangu naosha vyombo, nikahesabu wanavyopita, nikarudi kuosha vyombo.

Katikati ya hayo Ruweida alikuwa amepeleka makala mpya, "Namna ya kumtandikia mgeni mkeka". Ilikuwa makala nzuri, tuliitunga pamoja tukicheka: mgeni hatandikiwi mkeka uliokunjwa siku nyingi mpaka ukung'utwe vumbi, mwenyeji hakai kabla ya mgeni, mkeka mpya ukianza kutumika huanzwa na mtu mwema. Blogu moja ya habari ya upande ule ikaichukua. Haikubadilisha neno. Ila juu yake iliweka picha ya mkubwa wao mmoja ameketi kwenye mkeka, anacheka, na kichwa cha habari kipya: "Wanawake wa Shumba wanavyowatandikia mkeka wageni wao." Na chini kabisa, kama alivyotaka mwenyewe, Ruweida binti Jecha, Shumba Mjini, na tovuti, na namba ya simu.

Mume wangu Suud alirudi nayo kutoka baraza la wanaume, imo kwenye simu ya mtu. Alinionyesha bila kukaa.

"Huyu si jirani yako?"

Nikasema ndiye.

"Na kikundi si chenu?"

Akaniambia kwa upole, maana Suud si mtu wa ukali, kwamba mtu akisusiwa, anayekaa naye hususiwa pia, na siye tuna vijana wa kuoza na wazee wa kuzika. Akaenda kutia udhu.

Ruweida alimpigia mwenye blogu. Mie nilikuwapo, ndiyo mara ya mwisho kukaa kwenye baraza ile kwa muda mrefu. Aliiweka simu sauti ya juu ili tusikie. Alimsalimia, akamwambia, kaka yangu, mie sikumtandikia mkeka mtu huyo, sijawahi hata kumwona, naomba uniondolee.

Yule bwana alikuwa na adabu. "Dada, mie sikuongeza neno kwenye makala yako. Picha ni yangu, kichwa ni changu, hiyo ni kazi yetu."

"Basi niondolee jina."

"Jina?" Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Si uliandika mwenyewe jina lisiondolewe? Mie nimetimiza sharti lako, dada."

Mwisho alikubali kuiondoa yote. Aliiondoa kweli siku ileile. Lakini wengine walikuwa wameshaichukua kwake na picha yake na kichwa chake, na hao nao walikuwa na wachukuaji wao. Ruweida alizitafuta nakala hizo mpaka akazipata kumi na nne, na kila moja, pale chini, jina lake limekaa sawasawa. Watu waliotupa nusu ya makala walilibakisha jina. Sijapata kuona sharti lililotimizwa na watu wengi namna ile.

Kikundi kikaanza kupukutika. Hakuna aliyeitaja ile makala. Mmoja alileta chane zake na kusema anakwenda shamba. Mwengine alimtuma mjukuu. Mie nilimwambia Ruweida macho yananiuma, siwezi tena kushona. Mwenyezi Mungu anisamehe, macho yangu yalikuwa mazima. Aliyatazama, akaniambia nijaribu kuyaosha kwa maji ya mchaichai yaliyopoa, akanipa na majani yenyewe. Aliyebaki ni Mwatum, na kubaki kwa Mwatum ndiko kulikozidi kumtia Ruweida mashakani.

Na ilikuwa imebaki wiki tatu tu Samah aolewe.

Mtu wa mjini huenda asielewe. Harusi ya kwetu haikodiwi. Mchele huchaguliwa na wanawake wa mtaa, nazi hukunwa nao, wali hupikwa nao, na biharusi hutolewa nao nje wakimtazama. Mwenye harusi anatoa vyakula, watu wanatoa mikono. Isipokuja mikono, basi binti ameozwa kama anayefichwa, na atalisikia hilo ukweni kwake mpaka awe bibi. Mchumba alikuwa kijana wa Makangale, watu wema, lakini watu wana masikio.

Hapo ndipo Mzee Hamdan alipokwenda kwake. Yeye alikuwa mkubwa wa tawi letu la chama, mtu mzima, anayejua kusema. Nilimsikia kupitia ua. Alimwambia hakuna anayemchukia, watu wameudhika tu, na watu walioudhika wanataka neno. Na yeye neno analo, kalamu anayo, njia za kulipeleka anazo kushinda tawi zima.

"Uliyoyatawanya, yatawanyie dawa yake," alisema. "Andika kwamba weye ni wetu, na kikundi chako ni cha watu wetu watupu, hamnao wao, hamuwauzii wao. Peleka kulekule ulikopeleka ya mwanzo. Wiki haipiti, mwanangu, mchele wa Samah utachaguliwa na Shumba nzima."

Ruweida akauliza, "Na Mwatum?"

"Mwatum hatajwi jina."

"Naye akija kesho kusuka?"

Mzee Hamdan akasema hayo ni ya kesho. Akaaga kwa dua nzuri.

Aliiandika. Nasema kwa kuwa nilisomewa. Baada ya siku mbili aliniita pale kwenye pengo la ua, mahali kuti limeoza, ana daftari mkononi. Hakuniuliza habari ya macho. Akanisomea yote, polepole, na ilikuwa imeandikwa vizuri, maana hakujua kuandika ovyo. Mwisho wake akasoma na sharti, kwa mazoea: jina la mwandishi libaki hapa chini. Akafunga daftari juu ya kidole.

"Bi Mize, niipeleke?"

Mie ni mtu ninayesali. Nafunga Jumatatu na Alhamisi nikijaaliwa. Nilimwambia, "Ipeleke, mwanangu. Harusi ipite kwanza. Mola anajua nia."

Alichomoa kidole kwenye daftari. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikinyoosha ukili nayasikia:

"Ile ya mwanzo ilikuwa kweli tupu, habari ya mkeka na mgeni, na imenishinda kuirudisha. Hii ya uongo nikishaitoa, nitaikimbilia wapi?"

Nilimwambia Mungu ni mwingi wa kusamehe. Akasema ndiyo, lakini Mwatum anajua kusoma.

Sikuiona ile makala tena. Hakuipeleka.

Badala yake alivaa buibui lake akazunguka mtaa mzima kualika, nyumba kwa nyumba, mwenyewe, bila kumtuma mtu na bila kuruka mlango. Alifika na kwangu, kwa mlango wa mbele, akaniambia kama tunavyoambiana: "Jumanne tunachagua mchele wa Samah, karibu Bi Mize." Na mie nikamjibu kama alivyojibiwa kila alikopita. Nilisema inshallah. Neno tukufu lile nililitumia kufungia mlango.

Jumanne asubuhi alitandika. Alikuwa na misala na mikeka iliyorudi na isiyopata wanunuzi, akaitandika yote, kuanzia baraza mpaka chini ya mfenesi, mkeka kwa mkeka, na juu ya kila mmoja akaweka nyungo mbili. Watu hamsini wangekaa. Nilikuwa kwenye pengo la ua. Nilijiambia naangalia kuku.

Akaja Mwatum. Akaja shangazi yake Samah kutoka Shumba Viamboni, mzee, anatembea kwa kushikilia kiuno. Basi. Wakasubiri. Ruweida alikuwa akienda mlangoni na kurudi, kila akirudi ananyoosha ncha ya mkeka iliyonyooka. Jua likapanda. Mwatum akavuta gunia akamimina mchele kwenye ungo, akaanza. Shangazi akaanza. Hawakuimba, na kazi ile huimbiwa.

Karibu na adhuhuri Samah akatoka ndani. Mwari hatoki, na hali wiki moja imebaki, na hata akitoka hagusi kazi yoyote. Alitoka na kanga mbili za kujitanda, akachukua ungo, akakaa kwenye mkeka ulio mbali kabisa, peke yake, akainama akaanza kutoa mawe. Mama yake alikwenda kumwinua. Samah akasema bila kuinua kichwa, "Mama, niache nichague. Wali ni wangu."

Ruweida akasimama pale. Kisha akavuta ungo akakaa naye. Walichagua gunia zima, wanawake wanne, mpaka adhana ya alasiri, na mie nilisali adhuhuri yangu na alasiri yangu upande huu wa makuti. Sijui zilifika wapi.

Harusi ilikuwa. Walikuja watu wa Makangale, wachache kuliko walivyoahidi. Ndoa ilifungwa, biharusi akatolewa mbele ya mikeka ile ile, akachukuliwa. Wali ulibaki masufuria matatu.

Sasa wali uliobaki mtu angeweza kuwapa mbuzi kwa hasira. Ruweida aliupakua kwenye sahani, akaufunika, akaupeleka. Akaanzia mlango wa kulia. Hakuruka nyumba. Wa chama hiki na wa chama kile, waliosema inshallah na ambao hawakusema kitu, hata kwa Mzee Hamdan ilifika. Waliozibeba ni Ruweida na Mwatum, mchana, wazi. Sahani yangu ilikuja imefunikwa kawa, na kawa lile nililisuka mie, mwaka wa kwanza wa kikundi. Nalijua kwa rangi, niliikosea, zambarau ikaingia mahali pa nyekundu. Ruweida alisema tu, "Fungu lako, Bi Mize," akaenda mlango unaofuata.

Suud alilitazama kawa kwa muda. Nilidhani atasema lirudishwe. Akanawa, akapiga bismillahi, akala. Alipomaliza akasema, "Wali umechaguliwa vizuri. Sijauma jiwe." Mie tonge la kwanza nililirudisha sahanini, nikaondoka nikaenda jikoni.

Nikabaki na sahani. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, unatia chochote, hata ndimu mbili. Nilikaa nayo siku nne. Nitie nini? Sukari ingekuwa matusi. Siku ya tano nilitoa chane zangu nilizokuwa nimezificha uvunguni, nikaziloweka, nikasuka. Macho yaliona vizuri. Nilisuka pima sita za ukili wa msala, nikauzungusha juu ya sahani, nikaufunika kwa kawa lile.

Baadaye nilikuja kujua kuwa si mie tu. Mwaka ule sahani nyingi zilirudi kwa Ruweida zikiwa na ukili juu yake, lakini zilipitia uani, jioni jioni, mtu anaweka anaondoka. Wenyewe hawakutaka kuonekana, na yeye hakuwauliza. Aliushona, misala ikaenda Tanga na Maskati, na hakuna aliyejua ni ya mkono wa nani. Mie namshukuru Mola kwa jambo moja tu katika hayo yote, kwamba miguu yangu ilinipeleka mlango wa mbele. Ilikuwa saa nne asubuhi na baraza la wanaume limejaa. Walinitazama. Suud alikuwa miongoni mwao, na alitazama bao lake.

Ruweida alikuwa barazani kwake na daftari. Mwatum anashona. Nikaweka sahani. Nikataka kusema niliyoyapanga, ya macho, na ya ile inshallah, na ya pengo la ua. Nikaanza, nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, hakuninyamazisha, na wala hakuniambia hakuna kitu, maana kulikuwa na kitu. Aliponiambia amenisamehe ilikuwa siku nyingi baadaye, na namuamini zaidi kwa kuwa alikawia.

Siku ile alifunua kawa tu, akauvuta ukili, akaupitisha vidoleni pima baada ya pima. Kisha akasema anaandika makala mpya. Fahd amemwambia aache, apumzike, watu wasahau. Yeye anaona zile kumi na nne hazitaondoka duniani, basi bora ziwe kumi na nne kati ya mia. Na amebadilisha sharti. Sasa pale chini, pamoja na jina lake, panakaa majina ya waliosuka, wote, na anayeichukua makala hana ruhusa ya kuchagua la kuacha. Akanionyesha. Palikuwa na la kwake na la Mwatum. Chini yao patupu.

"La kwako nilitie?"

Niligeuka nikatazama njia. Kutoka pale unaona baraza la wanaume lote. Nilifikiri watoto wangu, nikafikiri ni nani atakayebeba jeneza langu. Nikafikiri lile jeneza la watu tisa.

Nikamwambia alitie.

Akaniuliza tena, kalamu imesimama, "Bi Mize, nikishalipeleka halirudi. Unalijua?"

Nikamwambia nalijua. Akaandika Mize, akaandika na la baba yangu, akaandika na Shumba. Mwatum akanisogezea nafasi kwenye mkeka.